Kutoka Lodwar hadi Manda: Umbali, Muda wa Ndege na Matumizi ya Neno 'Saa'

Utangulizi

Katika makala haya tunadhamiria kulifafanua suala ambalo, kwa mtazamo wa haraka, huonekana kuwa la marubani na wanajiografia pekee. Nalo ni umbali uliopo baina ya viwanja viwili vya ndege vilivyotengana sana, na muda ambao msafiri huutumia kuumaliza umbali huo. Mfano tulioteua ni wa hapa nchini Kenya. Ncha ya kwanza ni uwanja wa ndege wa Lodwar, mji mkuu wa Kaunti ya Turkana, kaskazini magharibi mwa nchi. Ncha ya pili ni uwanja wa Manda, ulioko katika kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mkono wa bahari unaokitenga kisiwa hicho na mji wa Lamu.

Yamkini msomaji atauliza: suala hili lina uhusiano gani na jarida la wanafunzi wa Kiswahili? Uhusiano upo, tena ni wa karibu. Mwalimu aliyezaliwa Lodwar akapewa kazi Lamu, mtafiti anayetoka Turkana kwenda kuichunguza lahaja ya Kiamu, au mzazi anayemsindikiza mwanawe chuoni, wote huuliza maswali mawili: ni mbali kiasi gani, na tutafika saa ngapi? Maswali hayo huulizwa kwa Kiswahili. Majibu aghalabu huja kwa Kiingereza, yakiwa tarakimu zilizochapishwa kwenye tiketi, na msafiri huachiwa kazi ya kujitafsiria mwenyewe.

Hoja yetu ni kwamba umbali ni sifa ya mahali, ilhali muda ni sifa ya safari. Mambo haya mawili huchanganywa kila siku, hata katika vitabu vya kiada. Kiswahili kina zana za kutosha za kuyatenganisha, na asiyezitumia ipasavyo anaweza kuachwa na ndege.

Umbali na jinsi unavyopimwa

Lugha yetu ina maneno kadhaa yanayokaribiana katika uwanja huu. 'Umbali' ni nomino iliyoundwa kutokana na 'mbali', nayo hutaja utengano wa mahali pawili bila kujali kama kuna anayesafiri au la. 'Masafa', neno lenye asili ya Kiarabu, hubeba maana hiyo hiyo, ingawa siku hizi limepewa pia kazi nyingine katika taaluma ya redio. 'Mwendo' limetokana na kitenzi 'enda', na kwa hiyo humhitaji mwendaji. Tunaposema kwamba kijiji fulani ni 'mwendo wa siku mbili', tumeupima umbali kwa kutumia muda. Kauli hiyo haina maana kamili mpaka tujue mwendaji anakwenda kwa miguu, kwa mashua au kwa gari.

Sasa tuupime umbali wa Lodwar na Manda. Lodwar iko takriban nyuzi 3.1 kaskazini ya ikweta na nyuzi 35.6 za longitudo ya mashariki. Manda iko takriban nyuzi 2.3 kusini ya ikweta na nyuzi 40.9 za longitudo ya mashariki. Tofauti ya latitudo ni kama nyuzi 5.4, na ya longitudo ni kama nyuzi 5.3. Karibu na ikweta, uzi mmoja, uwe wa latitudo au wa longitudo, ni sawa na kilomita 111 hivi. Hivyo basi, mtu angeshuka kusini kilomita 599 kisha akageuka mashariki kilomita 588, angefika. Lakini ndege haina haja ya kupiga kona. Kwa kanuni ya Pythagoras ya pembetatu yenye pembe mraba, mstari wa moja kwa moja ni takriban kilomita 840.

Ikumbukwe kwamba hesabu hii rahisi inafaa kwa sababu tuko kwenye ikweta. Katika nchi zilizo mbali na ikweta, mistari ya longitudo husogeleana kadiri inavyokaribia ncha za dunia, na uzi mmoja wa longitudo huwa mfupi zaidi. Huko, njia fupi kuliko zote huonekana kama upinde kwenye ramani bapa, ijapokuwa ni sawa na uzi uliovutwa ukakaza juu ya tufe.

Mstari huo wa kilomita 840 hupita wapi? Hutoka Lodwar ukielekea kusini mashariki, ukalivuka Bonde la Suguta kusini ya Ziwa Turkana, ukapita karibu na Baragoi, ukaikata ikweta, kisha ukauvuka Mto Tana baina ya Bura na Hola kabla ya kuifikia pwani. Kwa barabara, hali ni tofauti kabisa. Msafiri anayepitia Kitale, Nairobi na Garissa husafiri zaidi ya kilomita 1,300. Mahali ni pale pale, ila njia imekuwa ndefu kwa zaidi ya nusu. Kwa mintarafu hiyo, anayetaja umbali hana budi kusema anauzungumzia upi: ule wa anga au ule wa barabara.

Kutoka umbali hadi muda

Kanuni ya msingi inajulikana na kila mwanafunzi wa shule ya msingi: muda ni umbali uliogawanywa kwa kasi. Tuchukue ndege ya rafadha yenye kasi ya kilomita 500 kwa saa, ambayo ni kasi ya kawaida kwa ndege za abiria za ukubwa wa kadiri. Kilomita 840 zikigawanywa kwa 500 hutupa saa 1 na dakika 41. Ndege ndogo ya injini moja, iendayo kilomita 300 kwa saa, ingetumia saa 2 na dakika 48. Mtu anayetembea kilomita 30 kila siku bila kupumzika angetumia siku 28.

Hata hivyo, saa 1 na dakika 41 sio muda halisi wa safari. Ndege hutambaa ardhini kabla ya kufika penye barabara ya kurukia. Ikishapaa, huwa inapanda, na wakati wa kupanda haijafikia kasi yake kamili. Inapokaribia kutua hupunguza kasi, hujipanga, kisha hutambaa tena mpaka mahali pa kuegesha. Shughuli hizi zote tuzikadirie kuwa dakika 20. Muda wa safari ya moja kwa moja sasa unakuwa takriban saa 2.

Hapa ndipo tunapoona kwa nini mashirika ya ndege hutaja muda mrefu kuliko ule ambao abiria huhesabu akiwa angani. Muda unaoandikwa kwenye ratiba huanza ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa na huisha inaposimama mahali pa kuegesha mwishoni mwa safari. Muda wa angani huanza magurudumu yanapoiacha ardhi na kuisha yanapoigusa tena. Katika tafsiri, mawili haya yasiitwe kwa jina moja. Tunapendekeza 'muda wa ratiba' na 'muda wa angani', maneno ambayo kila msikilizaji atayaelewa bila kamusi.

Upepo haurudishi deni lote

Wenyeji wa pwani hawahitaji kufundishwa kwamba upepo hubadilisha muda wa safari. Kwa karne nyingi mabaharia wa Lamu walipanga mwaka wao kwa kaskazi na kusi. Ndege nayo, licha ya injini zake, haijaepukana na upepo. Kasi yake hupimwa kwa kulinganishwa na hewa inayoizunguka, na hewa yenyewe huwa inasafiri.

Njia yetu ina upekee wake. Baina ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya kuna mfano wa mlango mpana unaopitisha upepo mkali kutoka kusini mashariki. Upepo huo wa tabaka za chini huvuma karibu mwaka mzima, na ndio unaoendesha mitambo 365 ya umeme wa upepo karibu na Loiyangalani, mashariki ya Ziwa Turkana. Ndege inayotoka Lodwar kwenda Manda inaelekea huko huko upepo unakotoka. Hivyo huanza safari kwa kukabiliana nao, ilhali ile inayokwenda Lodwar husukumwa nao inapokaribia kufika.

Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba upepo wa mbele wa kilomita 40 kwa saa unavuma njia nzima. Kasi ya ndege juu ya ardhi itakuwa kilomita 460 kwa saa, na safari itachukua takriban saa 1 na dakika 50. Katika kurudi, kasi itakuwa kilomita 540 kwa saa, na muda utakuwa saa 1 na dakika 33. Wengi hudhani kwamba hasara ya kwenda hufidiwa yote na faida ya kurudi. Sivyo. Kwenda kumepoteza dakika 9 na kurudi kumeokoa dakika 8 tu. Sababu ni kwamba ndege hukaa ndani ya upepo mbaya kwa muda mrefu zaidi kuliko inavyokaa ndani ya upepo mwema. Tofauti ni ndogo katika mfano huu, bali huongezeka kadiri upepo unavyozidi kuwa mkali.

Njia zote huelekea Nairobi

Mpaka hapa tumezungumzia safari ya moja kwa moja. Msafiri wa kawaida haipati. Kwa desturi, atapanda ndege Lodwar mpaka Nairobi, kisha apande nyingine Nairobi mpaka Manda. Wahenga walinena kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na katika usafiri wa Kenya ngama ni Nairobi. Mji huo ulichipuka mwaka 1899 kama kambi ya reli, na tangu hapo barabara, simu na ndege zimefuata mkondo ule ule wa kukusanyika katikati.

Lodwar hadi Nairobi ni takriban kilomita 511 kwa anga, na Nairobi hadi Manda ni takriban kilomita 467, tukipimia uwanja wa Wilson. Jumla ni kilomita 978. Nyongeza ni kilomita 138 tu juu ya zile 840, yaani chini ya moja ya sita. Kwa upande wa umbali, basi, mzunguko wa Nairobi si mzigo mkubwa. Mzigo uko katika muda.

Tuutazame mfano wa ratiba ya kubuni. Abiria anafika uwanjani Lodwar saa mbili na dakika arobaini asubuhi, saa moja kabla ya ndege kuondoka. Ndege inaondoka saa tatu na dakika arobaini na kufika Nairobi saa tano kamili. Anasubiri mpaka saa nane mchana, ndipo ndege ya pili inapoondoka, nayo inafika Manda saa tisa na robo. Kwa kuwa uwanja uko kisiwani, anateremka mpaka gatini, anapanda boti na kuvuka, na kufika mjini Lamu saa kumi jioni. Safari nzima imechukua muda wa saa 7 na dakika 20. Muda aliokaa ndani ya ndege mbili ni saa 2 na dakika 35, yaani kama thuluthi moja tu. Na ikiwa ndege moja inatumia uwanja wa Wilson na nyingine uwanja wa Jomo Kenyatta, itambidi pia akatize jiji kwa gari.

Msomaji asidhani kwamba hali hii ni ya kimaumbile tu. Kuna wakati umbali wa ncha hizi mbili ulitumiwa makusudi. Jomo Kenyatta, baada ya kufungwa Lokitaung, alihamishiwa Lodwar mwaka 1959 na kuzuiliwa huko mpaka mwaka 1961 alipopelekwa Maralal. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilikuwa pia na kambi ya wazuiliwa katika kisiwa cha Manda. Miongoni mwa waliozuiliwa huko alikuwa mwandishi Gakaara wa Wanjaũ, ambaye shajara yake ya kizuizini, iliyoandikwa kwa Kikikuyu, ilipata Tuzo ya Noma mwaka 1984. Mkoloni alipomtafutia mtu mahali pa kusahaulika, aliitazama ramani na kuchagua pembe zake.

Siku hizi pembe hizo zimeanza kutazamwa kwa jicho lingine. Mradi wa LAPSSET, unaokusudiwa kuiunganisha bandari ya Lamu na Sudan Kusini pamoja na Ethiopia, ulizinduliwa mwezi Machi mwaka 2012, na gati la kwanza la bandari hiyo likafunguliwa Mei 2021. Njia iliyochorwa katika mradi huo hutoka Lamu ikapitia Garissa na Isiolo hadi Turkana, bila kugusa Nairobi. Ukiilinganisha na mstari wetu wa kilomita 840, utaona kwamba hazitofautiani sana.

Saa inayofika na saa zinazopita

Tumelitumia neno 'saa' kwa maana mbili katika mfano uliotangulia. Neno hili hutaja nukta ya wakati, na pia hutaja kipimo cha muda. Tukisema 'ndege itaondoka saa mbili', tunataja nukta. Tukisema 'ndege itachukua saa mbili', tunataja muda. Baadhi ya wazungumzaji, katika jitihada za kuondoa utata huu, husema 'masaa mawili' wanapokusudia muda. Walimu wengi huikataa kauli hiyo kwa hoja kwamba 'saa' ni nomino ya ngeli ya I-ZI, na wingi wake ni 'saa'.

Sisi tunaona kwamba mjadala huu umesahau jambo moja la kisarufi. Upatanisho wa kisarufi umekwisha kuifanya kazi inayotafutiwa 'masaa'. Husemwa 'saa mbili imefika', kwa umoja, kwa kuwa nukta ya wakati ni moja hata kama jina lake lina tarakimu mbili au kumi. Husemwa 'saa mbili zimepita', kwa wingi, kwa kuwa vipimo vya muda ni viwili. Kiambishi i- hutuambia kwamba tunazungumzia nukta, na kiambishi zi- hutuambia kwamba tunazungumzia muda. Pale ambapo kitenzi hakitoi msaada, tunaweza kutanguliza maneno 'muda wa', au kuongeza 'asubuhi', 'mchana', 'jioni' na 'usiku'. Kwa hiyo, katika mfano wetu, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, ikiongezewa muda wa saa moja na dakika ishirini, ni saa tano kamili. Sentensi hiyo haina utata wowote.

Utata mkubwa zaidi uko kwenye tiketi. Saa za Kiswahili huanza kuhesabiwa asubuhi, lakini tiketi huhesabu kuanzia usiku wa manane. Tarakimu 07:15 ni saa moja na robo asubuhi. Anayezisoma kama zilivyo na kumwambia mzazi wake 'saa saba na robo' amemchelewesha kwa muda wa saa sita, na Lodwar si mahali ambapo ndege hupishana kama matatu. Kanuni ni nyepesi: kuanzia 07:00 hadi 18:59, toa sita, kuanzia 19:00 hadi 23:59, toa kumi na nane, kuanzia 01:00 hadi 06:59, ongeza sita. Usiku wa manane, 00:00, ni saa sita usiku. Kanuni hii ingestahili kufundishwa katika kila somo la tafsiri, tena kwa kutumia tiketi halisi badala ya mchoro wa saa ya ukutani.

Jua la Lamu na jua la Lodwar

Jambo la mwisho ni kwamba Lodwar na Lamu hutumia saa moja, ingawa hazina jua moja. Dunia huzunguka uzi mmoja wa longitudo kila baada ya dakika 4. Tofauti ya nyuzi 5.3 ni sawa na takriban dakika 21. Kwa wastani wa mwaka, jua huchomoza Lamu dakika 21 kabla ya kuchomoza Lodwar. Kwa kuwa mji mmoja uko kaskazini ya ikweta na mwingine kusini, pengo hilo hupungua hadi dakika 12 hivi mwezi Juni na kuongezeka hadi nusu saa hivi mwezi Desemba.

Isitoshe, saa rasmi ya Afrika Mashariki imefungamanishwa na longitudo ya nyuzi 45, ambayo iko nje ya mpaka wa mashariki wa Kenya. Hivyo, katika sehemu zote za nchi yetu, jua huwa nyuma kidogo ya saa. Kwa wastani, Lodwar huliona jua likichomoza zaidi ya nusu saa baada ya saa kumi na mbili asubuhi. Asili ya saa za Kiswahili ni jua, lakini saa tunayoifuata leo ni ya mkataba. Abiria wa Lodwar anayekwenda uwanjani saa kumi na mbili asubuhi anatembea gizani, ilhali mwenzake wa Lamu anaona kumekwisha kupambazuka.

Hitimisho

Tumeona kwamba kati ya Lodwar na Manda kuna kilomita 840 za anga, na kwamba tarakimu hiyo haibadiliki kwa upepo wala kwa ratiba. Tumeona pia kwamba muda wa safari unaweza kuwa saa 2, ama zaidi ya saa 7, ama siku 28, kutegemea chombo, upepo, njia na muda wa kusubiri. Anayetaka kuzisogeza ncha mbili za nchi hawezi kuupunguza umbali, ila anaweza kuupunguza muda. Hilo ni suala la sera na bajeti, na linahitaji kujadiliwa katika lugha ambayo mkaazi wa Lodwar na mkaazi wa Lamu huweza kuelewana kwayo.

Kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, kazi iliyo mbele yetu ni ndogo na ya manufaa. Tuseme 'umbali' tunapokusudia umbali, na 'muda' tunapokusudia muda. Tutaje kama kilomita zetu ni za anga au za barabara. Tuwafundishe wanafunzi kutofautisha saa inayofika na saa zinazopita. Tangazo la uwanjani lililotafsiriwa kwa uangalifu wa namna hii litamfaa abiria mwenye mizigo mkononi, ambaye hana nafasi ya kuuliza mara ya pili.